Uokoaji wa kitabibu Kilimanjaro: kabla ya dawa, jua saa ya kushuka

Kijana anayetaka kazi ya uokoaji wa kitabibu mlimani mara nyingi huanza kwa kuuliza dawa. Dawa ni chache, zinajifunzwa haraka. Kinachochukua miaka ni kujua nani ashushwe, saa ngapi na kwa njia gani. Mgonjwa akigeuzwa saa mbili usiku bado anatembea kwa miguu yake. Akisubiriwa hadi saa tisa atahitaji machela na kundi zima la wagumu, yaani wapagazi.

Chukua mgeni aliyefika kambi ya Kibo, kama mita 4,720. Kichwa kinamuuma, ana kichefuchefu, amelegea: dalili za ugonjwa wa mwinuko. Asipande zaidi, apumzike na apewe dawa ya maumivu. Kisha mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Akiyumba, au akianza kuongea ovyo, chukulia kwamba ubongo unavimba. Mpe oksijeni na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, miligramu 8, kisha miligramu 4 kila baada ya saa 6, na safari ya kushuka kambi ya Horombo, mita 3,720, ianze usiku huohuo. Kosa linaloua ni kuona amechangamka baada ya dawa, ukamruhusu aendelee kupanda. Dawa imekununulia muda tu, na muda huo ni wa kushuka.

Mapafu yana sheria yake. Anayehema akiwa amekaa, tena anakohoa, usingoje povu la rangi ya waridi. Hilo huja mambo yakiwa yameharibika. Mtu huyu asilazimishwe kutembea kwa nguvu, kwa sababu juhudi na baridi huongeza shinikizo kwenye mishipa ya mapafu. Mbebe, mfunike, mwinue kifua. Nifedipini, dawa ya kushusha presha, ya aina inayotoka taratibu, miligramu 30 kila saa 12, husaidia pale oksijeni au njia ya kushuka inapokosekana, ila presha yake iangaliwe.

Kipima oksijeni cha kidoleni hudanganya kidole kikiwa na baridi au kucha ikiwa na rangi. Pasha mkono joto kwanza. Na kwenye mwinuko huo asilimia 80 na kitu yaweza kuwa kawaida kwa mtu asiye na dalili, kwa hiyo mtazame mtu kabla ya namba.

Hesabu ya oksijeni ifanywe kabla ya kuondoka, kambini, kwa kalamu. Mtungi wa lita 4 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 una lita 800 hivi. Kwa lita 2 kwa dakika ni zaidi ya saa 6. Kwa lita 4 ni saa 3 na dakika 20. Punguza akiba kwenye hesabu hiyo. Halafu kagua mpira wa kupitishia oksijeni: mara nyingi hubanwa na mkanda wa machela, mtungi unasoma vizuri huku mgonjwa hapati kitu.

Mfuko wa shinikizo, ambao mgonjwa hufungiwa ndani na kujazwa hewa kwa pampu, humshusha mtu "kwa hewa", sawa na mita 1,500 au zaidi, akiwa palepale. Unafaa njia ikiwa imefungwa. Lakini pampu isisimame hata baada ya mfuko kujaa, maana kila msukumo huingiza hewa safi na kutoa kaboni dayoksaidi. Pangeni zamu za kupampu. Anayetapika au aliyepoteza fahamu ni hatari kumfungia humo, kwa sababu huwezi kumfikia haraka njia ya hewa ikiziba.

Kwenye machela, baridi hutoka chini. Weka godoro la kambi chini yake kabla ya kuongeza blanketi juu, kwani aliyelala hazalishi joto kama mnaombeba. Mtu mmoja abaki kichwani, asibebe chochote, kazi yake ni kumsemesha na kutazama pumzi.

Njia za kuingia ni mbili zinazoeleweka: uwe tabibu au muuguzi kisha uujifunze mlima, au uwe mwongozaji kisha usome huduma ya kwanza ya porini, kozi ya saa 70 hadi 80. Anayetaka kwenda mbali zaidi ataukuta ubingwa wa tiba ya dharura Muhimbili, ulioanza 2010. Vyovyote vile, jizoeze kuandika makabidhiano: dalili zilianza saa ngapi, dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, oksijeni lita ngapi. Geti la Marangu daktari hatauliza mlipitia wapi, atataka karatasi hiyo.