Madoa aliingia wa kwanza

Mwanangu ameniuliza kama ng'ombe anajua kuogelea. Anajua, tena vizuri. Nimeyaona hayo usiku, mbuga ya mto Malagarasi, magharibi mwa Tanzania, ilipofurika kwenye zile mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Zizi letu lilikuwa huko chini, mbali kidogo na Nguruka. Kiangazi, malisho ya juu kwenye miombo yakishakauka, mbugani bado kuna majani mabichi, ndiyo maana tulishuka. Mvua zikianza, maji hupanda polepole na mtu anapata nafasi ya kuhama. Mwaka ule hatukuipata.

Baba alituamsha maji yakiwa magotini, ya baridi. Kati yetu na mwinuko kulikuwa na korongo tulilozoea kulivuka kwa miguu, sasa limejaa. Ng'ombe wakagoma. Kaka akawachapa fimbo, wakageukiana, wakabanana, ndama wanalia katikati. Baba akamwambia, "Acha, mwanangu." Akavua shati, akamshika sikio Madoa, yule jike mzee mwenye kengele, akaingia naye huku akipiga mluzi. Ulikuwa mluzi uleule wa kuwapeleka kunywa maji kila siku, hakuuongezea haraka wala sauti. Madoa akanusa, akasita, akaingia. Kengele ilipozama ikanyamaza, tukabaki na mluzi na tochi ya kaka ikitafuta pembe gizani. Halafu kengele ikalia ng'ambo! Wengine wakajitosa nyuma yake, pua juu, wakikoroma. Mimi nilivuka nimeng'ang'ania mkia wa mtamba. Ndama kadhaa hawakufika.

Maji yalipopungua nyasi zilikuja nzuri ajabu, tukashuka tena. Konokono nao walikuwa wametapakaa kila mahali, na ndani yao ndimo minyoo ya ini hukulia kabla ya kuhamia kwenye majani. Miezi ikapita, ng'ombe wakaanza kukonda huku wanakula, chini ya taya wamevimba. Tuliyemchinja, ini lake lilikuwa gumu, limejaa minyoo bapa kama majani madogo. Madoa naye akaondoka hivyohivyo, baada ya kuwavusha wenzake. Inaniuma mpaka leo.

Baba hayupo tena. Kaka ndiye anayefuga, na hesabu ya miezi ya kushuka na kupanda aliyoachiwa haimsaidii sana: mvua za 2019 na 2020 zilimsumbua, na za mwishoni mwa 2023 zikamrudisha palepale. Juu mashamba yamemeza malisho. Chini, sehemu kubwa ni hifadhi. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza nchini kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, na mimi ninaona ilistahili. Lakini ng'ombe wa kaka nao lazima wale.

Juzi tumeongea kwa simu. Nikamwambia asikilize utabiri, awape dawa ya minyoo wakitoka mbugani, na apunguze mifugo.

"Mdogo wangu," akasema, "nianze na yupi?"

Bado sijampa jibu.