"Nguo zake za kazi alikuwa anazifua nani?"

Nimetoka na mama kwa wakili sasa hivi. Mikono bado inanitetemeka.

Marehemu baba alifunika mabomba ya mvuke kwa asbesto miaka mingi, yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake huleta saratani. Lakini aliyeugua saratani ya utando wa mapafu ni mama, ambaye hakukanyaga kiwandani hata siku moja.

Wakili akamwuliza swali hilo la nguo.

Mama akanyamaza kidogo. "Mimi. Nilikuwa nazikung'uta kwanza, ndipo nazifua."

Akainua mikono akaonyesha alivyokuwa akizikung'uta, mara mbili, kama vile ovaroli iko mbele yake.
Mikono ile haitoki machoni pangu.

Nilidhani tumechelewa mno. Kumbe saratani hii huweza kujificha miaka 20 hadi 50, na sheria za nchi nyingi huhesabu muda wa kudai fidia tangu ugonjwa ugunduliwe, si tangu siku ya kuvuta vumbi.

Sasa tunatafuta hati za mshahara za baba na wenzake waliofanya naye kazi.

Jamani, kuna aliyepitia haya? Mashahidi mliwapataje baada ya miaka yote hiyo?