Karanga zilinishinda, dagaa wa chelewa wakaniokoa

Sitaki tena kusikia mtu akisema, "Watoto wa awali waimbishe namba, inatosha." Niliambiwa hivyo na mwalimu mkongwe nilipopangiwa darasa la awali hapa Kigoma. Nikaimbisha muhula mzima. Wakawa wanapiga moja mpaka ishirini bila kukwama, lakini mtoto ukimwambia akuletee vizibo vinne, anakujazia kiganja.

Nikajifanya mjanja. Mtaala wa 2016 ulishatutaka tuwe na kona za ujifunzaji darasani, yaani sehemu zenye vitu vya kushika na kuchezea, basi nikanunua karanga za kama elfu tatu hivi, nikaziita zana. Nikagawa tano tano. "Haya, toeni mbili!" Zikatoka kweli, moja kwa moja mdomoni. "Zimebaki ngapi?" Kimya, wanatafuna. Nikaongeza karanga, ujinga wangu huo. Mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja, mimi ninao 83. Fikiria meno hayo yote. Mwalimu mkuu akasimama mlangoni wakati huohuo mmoja kule nyuma analia kwamba hajafikiwa. Ningemwambia nini, kwamba ni somo la hesabu?

Jumamosi nikaenda sokoni Kibirizi kununua mboga. Nikamkuta mwanafunzi wangu amekaa pembeni ya mama yake anapanga mafungu ya dagaa, mkono unakwenda haraka kuliko wangu. Ni yuleyule aliyenishinda kwenye vizibo!

Jumatatu nikakata chelewa za mchikichi, zile njiti za fagio, vipande vya urefu wa kidole, nikaomba kipande cha wavu mkuukuu, tukaanika "dagaa" chini ya mwembe. Pesa ni majani ya mwembe. Fungu ni dagaa watano. Kundi moja liuze na kununua, jingine lichore mchangani, jingine liruke kamba, kisha wabadilishane. Usithubutu kuwaweka wote sokoni kwa pamoja.

Wiki ya kwanza niliharibu, maana nilisimama juu yao nikipiga kelele "hesabu! hesabu!" na mchezo ukafa palepale. Siku moja nikakaa chini, nikawa muuzaji, nikawapunja. Nilimpa yule wa Kibirizi fungu lenye dagaa wanne. Akalitawanya kwa kidole, mmoja mmoja, akaninyanyulia macho.

"Mwalimu, umenipunja."

"Nimekupunja wangapi?"

"Mmoja."

Kutoa si ndiko huko? Na chaki sijaigusa. Kujumlisha wakanifundisha wao: hapa kwetu nani ananunua dagaa bila kusema "niongeze"? Watano na nyongeza wawili, umebeba wangapi? Wanabishana, wengine kwa Kiha, nami siwazuii. Akishajua ni wangapi, neno la Kiswahili ni kazi ndogo. Tangu hapo kila siku lazima niwapunje, na lazima nijitetee kidogo kabla ya kukiri, la sivyo hawafurahi.

Chelewa zangu ni zilezile mpaka leo. Karanga bado zinaniuma.

Mwezi uliopita mama wa yule mtoto akanifuata shuleni, kashika kiuno. "Mwalimu, huyu siendi naye tena sokoni. Juzi mteja kachagua fungu, yeye kalimwaga, kahesabu mbele yake, kaniambia: mama, hapa umempunja wawili."