Mumiani wa Ngamiani

Saa 11 alfajiri. Kabla ya mswaki, simu: friza ya sampuli iko nyuzi 80 chini ya sifuri, umeme haukukatika usiku. Alhamdulillahi. Nakula mbaazi na mahamri, nashushia chai ya rangi huku nikijua fika kwamba chai hiyo inauzuia mwili kufyonza madini chuma ya mbaazi. Ndiyo fani yangu, chuma na magonjwa ya damu. Chai siachi.

Saa 1 tunatoka Tanga kwenda Muheza, boksi la barafu miguuni. Mtaani kwetu Ngamiani watoto wananiita mumiani. Zamani niliumia, siku hizi naitika.

Saa 3 hadi saa 5, watoto kumi na mmoja wamelia kwa zamu. Wa kumi na mbili, wa miaka mitatu, kaletwa na bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Damu mnaipeleka wapi?"

Fomu ya ridhaa tulisoma mstari kwa mstari, tukarudia. "Walimpima kidoleni wakasema damu ndogo. Na nyinyi mnapunguza tena?" Nikamwonyesha kichupa: mililita 3, kijiko cha chai hakijai. "Basi mpeni vidonge vya chuma, tumalize."

Nikavuta kiti. Kipimo cha kidoleni kinaona wingi wa damu tu, hakijui kama ghala la chuma ni tupu au lina kufuli. Malaria ikiingia, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini, na hiyo ndiyo kufuli: chuma cha chakula kinabaki utumboni, na kile cha akiba hakitoki kwenye seli zinazokitunza. Mtoto ana chuma, lakini uboho, unaotengeneza damu, haukipati. Nikamwambia na ya Pemba: utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watoto wa huko waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku, penye malaria nyingi, walilazwa au kufariki kwa wingi kuliko wasiopewa. Ndiyo maana tunapima kwanza.

"Pemba nina dada," akasema, akanyoosha mkono wa mjukuu.

Damu inakaa nusu saa igande, ndipo tunaizungusha kwenye mashine. Vichupa kumi na kimoja vikatoa maji ya njano, safi. Cha kumi na mbili kikatoka chekundu kama juisi ya choya. Cha nani kingine! Nilivuta sindano kwa haraka, seli zikapasuka, na seli zikipasuka chuma chake kinamwagika humo humo. Majibu yake ni uongo mtupu.

Nilikaa kidogo kabla ya kutoka. Bibi alikuwa chini ya mwembe anamenya chungwa, mtoto kasinzia mapajani.

"Bibi, samahani. Kosa ni langu. Naomba turudie."

Akaniangalia. "Umeimwaga?"

"Sijamwaga. Imeharibika."

"Kumbe wanavyosema ni kweli." Kisha: "Ilete niione."

Nikaleta viwili, namba zimefunikwa kwa kidole. Akavigeuza juani, chekundu, cha njano, chekundu tena. Dereva akapiga honi. Bibi hakushtuka, mimi ndiye niliyeshtuka. Mwishowe akamwamsha mtoto mwenyewe. "Mkono mwingine. Na taratibu." Nilivuta taratibu mpaka vidole vikaniganda. Bibi alitaka kungoja mashine, lakini bodaboda wake alikuwa anaondoka.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Muheza, Tanga, friza, daftari, namba, namba. Mtoto mmoja wa juzi majibu yametoka: selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Chembe zake nyekundu zinaishi siku 10 hadi 20, za wenzake 120. Mwili wa mtu mzima unafyonza miligramu 1 au 2 tu za chuma kwa siku. Zile 20 na zaidi za kutengenezea damu mpya zinatoka kwenye chembe kuukuu. Kwa huyu chembe zinavunjika kila saa, na akiongezewa damu mara kwa mara chuma kitamzidi. Ukimwona amepauka utamnunulia vidonge vya chuma, kwa huruma kabisa. Kesho asubuhi nampigia daktari wake.

Mgongo. Wali wa jana. Nimelala kwenye kochi na viatu.

Saa 3 usiku simu inaita, namba siijui. Kaitoa kwenye fomu.

"Wewe mumiani, umefika salama?"

"Nimefika, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ya mjukuu wangu imekuwa ya njano?"

"Ya njano, bibi. Safi kabisa."

"Haya." Akakata.