Alama ya saa saba usiku kuangukia jana: nilivyotatua

Programu yangu ya kufuatilia mazoea ilikuwa na kituko: ukiweka alama saa saba usiku, inahesabiwa jana. Mchana shwari. Kompyuta inafuata saa za Nairobi, lakini Postgres (hifadhidata ya programu) ndani ya kontena la Docker (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) inafuata UTC, saa za kimataifa, saa tatu nyuma; saa saba usiku ya Nairobi kwake bado ni saa nne usiku ya jana.

Kuongeza TZ (mpangilio wa saa za eneo) kwenye compose.yaml, faili la mipangilio ya kontena, hakukusaidia, kwa kuwa Postgres huandika saa za eneo ndani ya postgresql.conf, faili lake la mipangilio, hifadhidata inapoundwa mara ya kwanza. Afadhali hivyo, kontena libaki UTC. Safu iitwayo wakati nikaifanya timestamptz (aina ya wakati inayozingatia saa za eneo), na tarehe naitoa hivi:

(wakati AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi')::date

Kujaribu si lazima ukeshe: ingiza '2024-05-01 22:30+00' (+00 ni UTC; Nairobi ni saa saba na nusu usiku), itoke 2024-05-02.