Jinsi nilivyozuia kaa kumaliza chambo

Katika ufukwe wa mchanga uliokingwa dhidi ya mawimbi makubwa, ambako maji hutulia na kaa hutembea chini bila kusukumwa, chambo changu kilikuwa kikiliwa kabla samaki hajakifikia. Dalili zilikuwa wazi: ncha ya ufito ilitetemeka kidogo kidogo bila kuvutwa, na ndoana ilirudi tupu huku mshipi ulio karibu nayo umekwaruzwa. Kuongeza ukubwa wa chambo hakusaidii. Huwanenepesha kaa tu.

Dawa ilikuwa kipande kidogo cha soli ya ndala iliyochakaa, nilichokitoboa na kukipitisha kwenye mshipi, sentimita 5 hivi kutoka kwenye ndoana, kisha nikakizuia kwa fundo. Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, ilibaki mchangani, lakini chambo kiliinuka juu ya mchanga, mahali ambapo kaa hakifikii kwa urahisi na samaki hukiona. Ni vyema kukijaribu kwanza katika maji ya magotini, kwa kuwa kipande kisichoweza kuinua ndoana pamoja na chambo chake hakina kazi. Chambo laini nilikizungushia pia uzi mwembamba unaovutika, na tangu hapo ncha ya ufito ikiinama, huinama kwa samaki.