Siku 20 za Mwenye Haki ya Madini Oklahoma

Mke wangu alirithi kwa nyanya yake sehemu ya haki ya madini katika kaunti ya Grady, jimboni Oklahoma, na tangu hapo mimi ndiye ninayesoma barua zote zinazohusu urithi huo. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa huku. Sisi tumekulia katika nchi ambazo mafuta yaliyo ardhini ni mali ya umma, Kenya kwa Katiba ya 2010 na Tanzania kwa Sheria ya Petroli ya 2015, kwa hiyo si rahisi kuzoea kwamba hapa mtu binafsi anaweza kumiliki kilicho chini ya shamba ambalo juu yake analima mtu mwingine kabisa.

Mambo ya kuchimba mafuta na gesi huamuliwa na Oklahoma Corporation Commission, tume yenye makamishna watatu wanaochaguliwa kwa kura. Kwanza kampuni ya mafuta huomba kitengo cha uchimbaji, yaani eneo litakalohudumiwa na kisima, kipangwe, na kwa kawaida kitengo hicho hakizidi ekari 640, yaani maili moja ya mraba. Kisha, kama imeshindwa kuelewana na wamiliki wote waliomo, huomba tume iunganishe haki zao kwa amri, ili ichimbe hata bila ridhaa ya kila mmoja. Utaratibu huu ulianza miaka ya 1930, baada ya watu kuchimba visima ovyo hadi katikati ya makazi ya mji wa Oklahoma City, kila mmoja akikimbilia kuvuta mafuta kabla jirani yake hajayamaliza. Sioni ubaya katika shabaha hiyo. Kinachonisumbua ni jinsi asiyejibu anavyohesabiwa.

Amri ya kuunganisha humpa mmiliki chaguzi kadhaa. Anaweza kushiriki kwa kulipa sehemu yake ya gharama za kisima, au kupokea fedha taslimu kwa kila ekari pamoja na mrabaha, yaani fungu la mauzo ya kisima, ambao unaweza kuwa 1/8, 3/16, 1/5 na hata 1/4, na kadiri mrabaha unavyopanda ndivyo fedha taslimu zinavyopungua, wakati mwingine hadi sifuri. Chukua mwenye ekari 10 ndani ya kitengo cha ekari 640. Kisima kikigharimu dola milioni 8, kushiriki kutamtaka atoe dola 125,000, fedha ambazo familia nyingi hazina. Akichagua mrabaha wa 1/8, kwa kila dola milioni moja ya mauzo ya kitengo atapata takriban dola 1,953 kabla ya kodi. Akichagua 3/16 atapata takriban 2,930, na kwa 1/4 takriban 3,906. Kisima kizuri huzalisha kwa miaka mingi, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo.

Kwa kawaida muda wa kuchagua ni siku 20, nazo huhesabiwa tangu tarehe ya amri, si tangu siku bahasha ilipofika mlangoni. Aliyenyamaza huhesabiwa kuwa amechagua kile ambacho amri imemwekea, na mara nyingi ni fedha taslimu pamoja na mrabaha wa chini kabisa. Kwa maoni yangu hapo ndipo wanyonge wanapoumia, kwa sababu ukisoma orodha ya wajibu maombi, yaani wamiliki ambao kampuni inataka waunganishwe, iliyoambatanishwa na ombi utakuta majina ya marehemu, ya warithi wasiotajwa, na ya watu ambao anwani zao hazijulikani. Fedha za wasiopatikana huwekwa kwenye akaunti maalumu zikiwasubiri, lakini nafasi yao ya kuchagua imekwisha. Kama mirathi ya mzee wenu haijafunguliwa, ifungueni, kisha hati iandikishwe katika ofisi ya karani wa kaunti ikiwa na anwani yenu ya sasa.

Kikao chenyewe husikilizwa na jaji wa utawala, na notisi hutumwa angalau siku 15 kabla. Hoja kubwa huwa ni bei inayostahili kulipwa kwa kila ekari, nayo hupimwa kwa malipo ya juu yaliyotolewa hivi karibuni katika sehemu husika (section, eneo la maili moja ya mraba) na sehemu nane zinazoizunguka. Amri za zamani za tume zinapatikana bure mtandaoni, basi tafuta zile za sehemu hizo tisa, uone majirani walilipwa kiasi gani kwa kila ekari. Ukiwa na takwimu hizo, mpigie afisa ardhi wa kampuni kabla ya kikao, kwa kuwa mkataba wa hiari huweza kubeba masharti ambayo amri haikupi, kama vile kutokatwa gharama za usafirishaji wa gesi kwenye mrabaha. Mkishindwa kukubaliana, una haki ya kufika mwenyewe na kupinga. Na amri ikishatoka, andika chaguo lako kwa barua, litaje kwa namba ya aya iliyomo ndani ya amri, na uitume kwa posta ya rejista ili ubaki na stakabadhi yenye tarehe.